Yule wa saksafoni aniombe msamaha na arudishe pesa yangu

Kaka_wa_Umoja:
Wasee nimetoka kwa shoo saa hii, niko steji Westi nangoja mathree na sitaki kufika nyumbani na hii hasira. Sitamtaja, mnamjua tu, yule wa kofia ya sufu jua liwake mvua inyeshe, na wenzake watatu, tarumbeta, besi kubwa ile ya kusimama, na ngoma. Kinanda hakuna. Gitaa hakuna. Elfu mbili kila kichwa na nilikuwa na mchumba NA mamake, maana niliambiwa ni jazi nikadhani ni ile ya hotelini mtu anakula samaki polepole.

Wamepiga weee kila mtu anaenda kwao, mara wote wakageuza karatasi wakaingia pamoja, kitamu kweli siwezi kudanganya, halafu wakatawanyika tena kama kuku wameona mwewe. Halafu kimya. Kimya mpaka friji ya baa inasikika. Mimi nikajua imeisha, nikasimama nikapiga makofi. Huyo bwana akatoa saksafoni mdomoni, akanikazia macho, akasema kwa maiki: "Ndugu, umeniharibia kimya."

KIMYA! Kwa maiki! Mama mkwe alicheka mpaka akatoa leso. Nimelipa pesa nashtakiwa kuharibu kitu hakikuwepo, si kimya kiko bure Lang'ata makaburini?

Besi_Mstaafu:
Pole kaka ila hiyo ndiyo staili yenyewe, nusu imeandikwa nusu wanatunga hapo hapo, na hata kimya kinaweza kuwa kimeandikwa. Kinanda nacho hakijasahaulika. Ornette Coleman, mwanajazi wa Marekani, alishusha kikosi kama hicho New York pale klabu ya Five Spot 1959, Don Cherry tarumbeta, Charlie Haden besi, Billy Higgins ngoma, yeye saksafoni ya plastiki. Kinanda kikitoka anayepuliza hana wa kumwekea mipaka. Watu waligombana kama wewe tu.

Kaka_wa_Umoja:
Sijauliza plastiki mzee. KWA MAIKI.

Shangazi_Buru:
Mama mkwe amecheka? Mwanangu peleka mahari kesho asubuhi kabla hajanuna 😂😂

Dereva_Usiku:
Hiyo elfu mbili ilikuwa na soda? Juu huko wanajaza glasi barafu halafu wanamwaga soda ya kulowesha tu. Hiyo barafu nani aliitisha?

Msee_Kayole:
Mnalilia kimya nyinyi? Jirani yangu ana kesha kila Ijumaa, kinanda kimelegea nota tatu na ndizo hizo anazozipenda, spika imeangalia dirisha langu. Hao wanne waje wakae kimya kwa ploti yetu, nalipa mimi.

Shangazi_Buru:
Kesha angalau inaisha asubuhi. Huku kuna yule wa spika ya kurekodi, "dawa ya panya, mende, kunguni", kuanzia saa moja, sauti haikohoi haimezi mate.

Kaka_wa_Umoja:
Jamani uzi ni wangu. Nilikuwa nimesimama mimi peke yangu, ukumbi mzima umeketi

Dereva_Usiku:
@Shangazi_Buru lakini hiyo ya kunguni inafanya?

Shangazi_Buru:
Ya mia inafanya. Ya hamsini wananenepa.

Msee_Kayole:
Ya mia anauza steji gani?