KARIBUNI NA MBWA WENU halafu sumu ya panya iko wazi chini ya sinki?? Hii nyumba ya likizo imenichefua

Wakuu, mtu akitangaza nyumba ya likizo ya familia, akaweka picha ya mbwa kajilaza kwenye nyasi na maandishi makubwa KARIBUNI NA MBWA WENU, halafu akakutoza ada ya mbwa kwa kila usiku juu ya kodi ya nyumba, si unategemea amefanya japo kitu kimoja kwa ajili ya huyo mbwa? Hajafanya chochote. Hela kachukua basi.

Tumefika jioni na watoto, mizigo bado iko kwenye gari, mbwa kaingia jikoni ananusa nusa, mara namwona kaingiza kichwa kabati la chini ya sinki ambalo mlango wake haufungi. Kucheki kuna sahani ya sumu ya panya, wazi kabisa, haijawekwa hata kwenye kiboksi cha kufunga. Nikamvuta kola, nikampanua mdomo, nikakagua hadi chini ya ulimi. Nashukuru Mungu hakuwa ameigusa. Na mdogo wetu ndo kwanza anatambaa jamani!!

Nampigia mwenye nyumba ananijibu eti iko hapo siku zote na hakuna mbwa aliyewahi kufa. Sasa wewe utajuaje? Sumu nyingi za panya kazi yake ni kuzuia damu isigande, zinaharibu matumizi ya vitamini K mwilini, kwa hiyo mbwa akila leo anaweza kucheza na kula vizuri tu, dalili za kuvuja damu ndani zinakuja baada ya siku 3 mpaka 5 hivi, na siku hiyo mgeni kashafunga mizigo karudi kwao. Mbwa anafia kwa mwenyewe huko, wewe unaendelea kupokea wageni unasema hakuna aliyekufa! Akiwahishwa mapema daktari wa wanyama anamtapisha, au anapewa vitamini K1 kwa wiki kadhaa na anapona, lakini lazima ujue kala nini. Tena zipo sumu zingine hazina dawa ya kuzipinga kabisa. Nikamuuliza ni ya aina gani, pakiti iko wapi? Pakiti katupa.

Uzio nao ni uongo. Picha zimepigwa upande wa mbele tu, nyuma kuna pengo mtu mzima anapita na geti halina komeo, na barabara iko hapo hapo. Kwa hiyo mbwa amefungwa kamba muda wote kwenye bustani iliyonifanya nichague hii nyumba.

Halafu kuna karatasi imebandikwa kwenye friji, ambayo kwenye tangazo haipo: mbwa asiachwe peke yake ndani hata kidogo. Mimi sipingi hiyo sheria, mbwa akiachwa nyumba ngeni anabweka, anakwangua mlango, majirani wanapata shida. Ila niambie kabla sijalipa! Tumekuja kwa ajili ya mji wa kale, watoto wameimba ngome na makumbusho safari nzima, na kule ndani mbwa haruhusiwi, ni haki yao kabisa, majengo ya zamani yanahitaji kutunzwa. Matokeo yake mzazi mmoja anaingia na watoto mwingine anabaki nje na mbwa, familia haijatembea pamoja hata mara moja.

Na ushauri wa mwenye nyumba? "Si mumwache kwenye gari." Nilitaka kurusha simu. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa joto linapita nyuzi 40 ndani ya nusu saa, na mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, sasa akihema hewa ya moto anajipozaje? Mtu anayetoza ada ya mbwa hajui hilo!

Ufukwe "hatua chache" ni kweli uko karibu, tena mzuri, lakini pana kibao mbwa marufuku mchana msimu wote wa likizo. Yeye anaishi hapo, hicho kibao anakipita kila siku. Tukawa tunampeleka alfajiri, akirudi ana chumvi na mchanga mwili mzima, bomba la nje halitoi maji. Mbwa akijilamba chumvi nyingi au akinywa maji ya bahari anatapika na kuharisha, na ikizidi inakuwa sumu kwake, ndo maana maji baridi ya kumsuuza na kunywa si anasa.

Nimedai arudishe ada yote ya mbwa, aondoe ile sumu, na zile sheria za kwenye friji aziweke kwenye tangazo. Mpaka sasa yuko kimya, picha ya mbwa kwenye nyasi bado ipo. Waliowahi kupanga nyumba za hivi wakarudishiwa hela, mlianzia wapi? Na kama kuna mtu kalipia nyumba ya likizo anakwenda na mbwa wake wiki hii, tafadhali kabla hujamshusha kwenye gari ingia wewe kwanza ufungue kila kabati, angalia na nyuma ya friji.