Mrejesho: kuku 12 nyuma ya nyumba, Goma

Jambo ba yaya na ba mama, mwezi wa tatu niliuliza kama naweza kufuga kuku 12 wa mayai bila chakula yao kumaliza pesa ya nyumba. Aksanti sana kwa wote mulinijibu.

Kibanda nilifwata shauri ya yule alisema nisichimbe, huku kwetu ni mawe ya volkano tu, tukasimamisha miguu juu ya mawe, mbao za zamani na manjanja (mabati), dola 58, wakati fundi alikuwa ananiomba 130.

Chakula ndiyo ilinisumbua. Kuku mmoja anakula karibu grama 120 kwa siku, kwa 12 ni kama kilo 43 kwa mwezi, njo nikachanganya mwenyewe mahindi, pumba, soya na unga wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa Kivu), bei ikashuka kweli lakini mayai yakaanza kutoka na maganda laini. Mama aliyeniambia nikaushe maganda na kuyaponda niwarudishie, Mungu akubariki, wiki 2 hivi maganda yakakuwa magumu.

Wawili walikufa na kideri, ule ugonjwa wa kuku, mbele sijawachanja, iliniuma sana, chanjeni mapema. Nimebaki na 10, mayai 6 ao 7 kwa siku.