Kumleta mke Uingereza: kima cha chini cha mapato ya anayemleta kimefika pauni 29,000 kwa mwaka

Wakuu, nipo Leicester, kazi ya ghala, pauni 26,400 kwa mwaka. Mke yuko Tanga na mtoto wetu wa miaka miwili. Tulioana kima kikiwa 18,600. Tarehe 11 Aprili 2024 kikapanda. Mwanangu ananijua kwenye simu tu. Nifanyeje?

— Pole sana kaka. Saa za ziada zinahesabiwa, na kazi ya pili pia, ukiwa nayo miezi sita. Mshahara wa shemeji wa huko hauhesabiwi.

— Pengo lako ni 2,600. Akiba ya 22,500 iliyokaa benki miezi sita inaliziba.

— Ulikuwa raia wa Uingereza wa kuandikishwa mtoto alipozaliwa? Basi naye ni raia, muombee pasipoti.

— Ndiyo, nilikuwa! Kesho naanza fomu yake.