Manga ya alama 9 imenishinda, riwaya ya 6 nimemaliza. Nina tatizo?

Msomaji wa Kimara: Wakuu, mimi husoma kwa simu ndani ya mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, tena nimesimama. Nilianza Berserk, manga yaani katuni ya Kijapani, kwa sababu MyAnimeList, tovuti ambako mashabiki hupiga alama, wameiweka kileleni, alama juu ya 9 kati ya 10. Michoro sina ubishi. Ukurasa mmoja wa vita niliutazama kuanzia Ubungo hadi Magomeni, kila mkwaruzo wa deraya umechorwa. Ila damu ile, na mama wa pembeni anachungulia! Nikaacha. Nikashika riwaya nyepesi (light novel, hadithi za Kijapani za vijana) ya alama 6: kijana kagongwa na lori, kaamkia dunia nyingine na nguvu za bure. Upuuzi mtupu. Juzuu nne, siku tatu. Sasa alama zinapima nini?

Bibi Juzuu: Asiyependa huacha mapema, mkuu. Anayeipigia alama juzuu ya kumi ni shabiki tayari. Mimi hulinganisha juzuu za kwanza tu.

Mzee wa Tandika: Berserk ilianza 1989, mchoraji wake Miura akafariki 2021 hajaimaliza, rafiki yake Kouji Mori ndiye anaisimamia. Baadhi yetu tunapiga alama na machozi humo humo. Halafu hiyo ya 6 ulisoma tafsiri gani? Nyingine zimepitishwa kwenye mashine, binti anaitwa “yeye mwanaume” kurasa tatu.

Msomaji wa Kimara: Duh! Kumbe ndiyo maana. Nilidhani ni fumbo.