Mjadala: Je, MRI ya difyusheni itumike kuchagua dawa ya saratani ya matiti kabla majibu ya maabara hayajatoka?

Mtoa hoja

Hospitali za Afrika Mashariki zinazidi kupata mashine za MRI, huku majibu ya vipimo vya vipokezi vya saratani ya matiti, yaani protini za seli zinazoonesha dawa ipi itafaa, yakiweza kuchukua wiki kadhaa kutoka maabara. Wapo wanaopendekeza kwamba katika kungoja huko daktari akadirie aina ya saratani kwa MRI ya difyusheni, ambayo haihitaji sindano ya dawa ya kung'arisha picha, kwa kuwa inapima tu jinsi molekuli za maji zinavyosogea ndani ya tishu. Seli zikisongamana, kama ilivyo katika saratani nyingi, maji hukosa nafasi na thamani inayoitwa ADC hushuka.

Mimi napinga. Ni kweli kwamba tafiti nyingi zimeona ADC ikiwa chini kidogo katika uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni kuliko katika ule usio navyo, lakini huo ni wastani wa makundi. Ukimchukua mgonjwa mmoja mmoja, thamani zinaingiliana mno. Uhusiano wake na Ki-67, alama ya kasi ya kugawanyika kwa seli, nao ni dhaifu. Linalonitia hofu zaidi ni saratani isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2 (protini inayochochea seli kukua) kwa wingi, ambayo ni kali na mara nyingi huwa na sehemu za ndani zilizokwisha kufa. Katika sehemu hizo maji husogea kwa uhuru, ADC hupanda, na anayesoma namba peke yake anaweza kudhani kwamba uvimbe ni mpole.

Uamuzi wenyewe ni mzito. Kipokezi cha estrojeni ndicho kinachoamua kama mama atameza tamoksifeni kwa miaka 5 au zaidi, na HER2 ndiyo inayoamua kama atapewa trastuzumabu, dawa ya gharama kubwa ambayo mtumiaji wake hulazimika kupimwa moyo mara kwa mara.

Mchangiaji, mtaalamu wa radiolojia

Ndugu mtoa hoja, kuhusu vipokezi sina ubishi nawe, ila unayazungumzia majibu ya maabara kana kwamba biopsi, yaani vipande vya uvimbe vinavyotolewa ili vipimwe, haikosei. Sindano huchukua vipande vichache vya uvimbe ambao huenda haufanani kote, ilhali picha huuona wote na inaweza kurudiwa bila kumuumiza mgonjwa. Isitoshe, kipande hicho kinatakiwa kiingizwe kwenye formalini, kimiminika cha kuhifadhi tishu, ndani ya saa 1 na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikicheleweshwa, kipokezi kilichokuwepo kinaweza kusomeka kuwa hakipo.

Tena difyusheni ina kazi nyingine ambazo hukuzigusa. Utafiti wa ACRIN 6702 wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulionesha kwamba kikomo cha ADC cha 1.53 × 10⁻³ mm²/s, ambacho uvimbe ukikizidi hauchukuliwi biopsi, kingepunguza biopsi za uvimbe uliotiliwa shaka kwenye MRI kwa asilimia 20.9 bila kuikosa saratani hata moja miongoni mwa waliochunguzwa. Utafiti wa ACRIN 6698 nao uliona kwamba kupanda kwa ADC baada ya wiki 12 za matibabu ya kabla ya upasuaji kunasaidia kutabiri nani saratani yake itatoweka kabisa.

Mtoa hoja

Daktari, nakushukuru, na hilo la kupunguza biopsi nalipokea. Hata hivyo, katika ACRIN 6698 uwezo wa kutabiri kwa wagonjwa wote ulikuwa 0.60, kwenye kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha shilingi. Kwa wenye vipokezi vya homoni wasio na HER2 ulifika 0.76, jambo linalotia moyo. Lakini ili kujua mgonjwa yumo katika kundi hilo, ilibidi kwanza majibu ya maabara yawepo.

Kuna pia suala la vifaa, ambalo huwa linapitwa haraka kwenye mikutano. Bila koili maalumu ya matiti, kifaa kinachonasa ishara za MRI karibu na titi, picha hizi hazifai kutegemewa, na namba ya ADC hubadilika kulingana na mpangilio wa mashine. Ndiyo maana wataalamu wa Ulaya walipendekeza mwaka 2020 kwamba thamani ya juu ya b, yaani mpangilio unaoamua jinsi mashine inavyoathiriwa na msogeo wa maji, iwe 800 s/mm². Kikomo kilichopatikana kwingine hakiwezi kuchukuliwa kama kilivyo.

Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wa saratani ya matiti ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike hospitali. Kwa maoni yangu, formalini, usafirishaji wa sampuli na ajira za wapatholojia, madaktari wanaosoma sampuli hizo, zitatufikisha huko mapema kuliko programu mpya ya MRI. Kama ipo hospitali yenye koili ya matiti ambayo imelinganisha ADC zake na majibu ya maabara yake yenyewe, naomba mwenye takwimu hizo azilete hapa, pamoja na za wagonjwa ambao picha na maabara havikukubaliana.