Machawa wa mabilionea wa roketi, njooni mnieleze: kodi anailipa nani hasa?

Wakuu, leo nimekuja na povu na sitaki mtu aniambie nipunguze.

Kila mada ya anga za juu ikifunguliwa, haipiti muda machawa wa mabilionea wameshajaa. Kodi ni wizi, serikali haijui kitu, waachieni wenye akili zao watufikishe Mars, mashine zitafanya kazi zote na sisi wote tutaneemeka. Ukiuliza hiyo neema itatufikia kwa njia gani, unaambiwa una wivu. Nimechoka kulishwa matango pori.

Kabla sijawageukia, niwamalize wale wa upande wa pili, wa "fedha za roketi zingelisha maskini". Mwaka 1966, mpango wa Apollo wa kupeleka watu Mwezini ukiwa umepamba moto, NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa inachukua takriban asilimia 4.4 ya matumizi ya serikali kuu ya Marekani. Leo haifikishi hata nusu ya asilimia moja. Na hakuna noti iliyofungwa kwenye roketi ikaachwa Mwezini; zile fedha zinalipwa hapa hapa duniani kwa wachomeleaji, wahandisi, wahasibu na wafagiaji. Mkitafuta fedha za maskini zilikopotelea, mnachimba shimo lisilo lake. Kaeni pembeni, nitawaonyesha.

Haya, machawa. Hoja yenu kubwa ni kwamba sekta binafsi ilijijenga kwa jasho lake. Turudi 2008. SpaceX, kampuni ya Elon Musk, ilikuwa imerusha roketi yake ya kwanza, Falcon 1, mara tatu na zote tatu zimeshindwa. Ya nne, mwezi Septemba, ikafika kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka Dunia, lakini kampuni ilikuwa hoi kifedha. Siku mbili kabla ya Krismasi NASA ikaipa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa safari 12. Hizo hazikuwa fedha za mjomba tajiri, zilikuwa kodi. Musk mwenyewe amekiri hadharani kwamba bila NASA wasingefika walipofika. Mwenye mali anakiri, ninyi mnamkatalia kwa niaba yake!

Na sisemi mkataba ule ulikuwa mbaya. Ulikuwa mzuri mno, na hapo ndipo mnaponiudhi, kwa sababu mnasifia kitu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Kupeleka kilo moja kwenye mzingo wa chini kwa Space Shuttle, chombo cha zamani cha NASA, kuligharimu takriban dola 54,500. Falcon 9 ya SpaceX ikashusha hadi karibu 2,700. Upande mwingine kuna SLS, roketi ya serikali iliyojengwa kwa mikataba ya kizamani ambayo mkandarasi anarudishiwa gharama zake zote na kuongezewa faida juu yake. Mkaguzi mkuu wa NASA aliliambia Bunge la Marekani mwaka 2022 kwamba kila safari kati ya nne za kwanza za Artemis, mpango wa kurudi Mwezini, ingegharimu dola bilioni 4.1. Mtu anayelipwa zaidi kadiri anavyochelewa, ataharakia nini?

Lakini hao waliojenga SLS nao ni kampuni binafsi! Boeing si wizara. Mwaka 2014 NASA iliipa Boeing dola bilioni 4.2 na SpaceX bilioni 2.6 kwa kazi ile ile ya kubeba wanaanga, safari hii kwa bei isiyobadilika. Chombo cha Boeing, Starliner, kikapeleka watu wawili Juni 2024 kikarudi kitupu, na wale wawili wakarudi Machi 2025 ndani ya chombo cha SpaceX. Hasara iliyozidi dola bilioni 1.5 ikabaki kwenye vitabu vya Boeing. Kwa hiyo kilichofanya kazi ni maandishi ya mkataba: anayekula faida abebe na hasara. Hayo maandishi yaliandikwa na watumishi wa serikali, hao hao mnaosema hawajui kitu.

Sasa angalieni pale ambapo hakuna aliyeyaandika. Kwa Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972, roketi au setilaiti ikianguka ikamwumiza mtu au kuharibu mali kwenye nchi nyingine, inayodaiwa ni nchi iliyoirusha, hata kama ni mali ya kampuni. Setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, yenye kinu cha nyuklia ndani yake, ilianguka kaskazini mwa Kanada Januari 1978, na Moscow ikaishia kulipa dola milioni 3 za Kanada. Leo warushaji wakubwa ni kampuni. Sheria ya Marekani inazitaka zikate bima, ambayo kwa madhara ya watu wa nje haizidi dola milioni 500. Zaidi ya hapo serikali imejiweka mdhamini hadi kiwango fulani, Bunge likiidhinisha. Ndege ikilipuka, nani anadhaminiwa hivyo?

Na tukiwa kwenye ndege. Abiria wa safari za ndani za Marekani anakatwa asilimia 7.5 ya tiketi, na sehemu kubwa ya fedha hizo inaendesha uongozaji wa ndege. Roketi ikitaka kuruka, anga inafungwa na waongozaji hao hao wanahangaika, lakini kwa miongo mingi warusha roketi hawakuchangia kodi hiyo. Starship, roketi kubwa ya SpaceX, ilipolipuka Januari 16, 2025 karibu na visiwa vya Turks na Caicos, ndege za abiria zililazimika kugeuza njia au kuzunguka angani huku mafuta yakiungua. Mafuta hayo yalilipwa na mashirika ya ndege na abiria wao. Mbunge wa Marekani Earl Blumenauer alipopendekeza mwaka 2021 kwamba walau safari za kitalii za anga za juu zitozwe kodi, pendekezo likafia njiani. Na hiyo ilikuwa mara tu baada ya Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon mwenye kampuni yake ya roketi, kushuka kutoka angani akiwashukuru wafanyakazi na wateja wa Amazon kwa sababu wao ndio waliolipia. Angalau alikuwa mkweli.

Kuna wengine wanasema kodi haina haja kwa sababu madini ya vimondo yatatutajirisha sote. Mmesikia ile habari ya kimondo Psyche, kwamba kina thamani ya dola zenye sifuri 19? Hesabu hiyo imechukua bei ya leo ya chuma na nikeli ikazidisha kwa uzito wa kimondo kizima, kana kwamba ukimwaga sokoni shehena isiyo na mwisho bei itakaa palepale ikikusubiri. Chombo cha NASA, OSIRIS-REx, kilitumia zaidi ya dola bilioni moja kuleta gramu 121.6 kutoka kimondo Bennu mwaka 2023. Kwa sayansi ni fedha halali kabisa, nawapigia makofi. Kwa biashara ya madini, zaidi ya dola milioni 9 kwa gramu, mtauzia nani? Luxembourg iliweka fedha za umma kwenye Planetary Resources, kampuni iliyotaka kuchimba vimondo; ikashindwa na mwaka 2018 ikauzwa, fedha zikayeyuka. Tuendelee.

Tuje kwenye mashine, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Chukueni kampuni inayopanga mizigo ghalani. Imwajiri mtu au inunue mkono wa roboti? Kwa sheria za Marekani, ikimwajiri mtu inalipa juu ya mshahara wake asilimia 7.65 ya mafao ya uzeeni na matibabu ya wazee, na yeye anakatwa 7.65 nyingine, kisha ndiyo inakuja kodi ya mapato. (Najua kuna mhasibu hapa ameshaanza kuandika kwamba mshahara nao unatolewa kama gharama kabla ya kodi ya faida kupigwa. Ndiyo, unatolewa. Soma kwanza.) Ikinunua roboti, hakuna mchango wa uzeeni hata senti. Sheria ya 2017 iliiruhusu itoe bei yote ya mtambo kwenye hesabu za mwaka wa kwanza, wakati mtambo wenyewe utafanya kazi miaka na miaka. Ruhusa hiyo ilianza kupunguzwa 2023, halafu 2025 ikarudishwa nzima, safari hii bila tarehe ya mwisho. Na kama roboti imenunuliwa kwa mkopo, riba nayo kwa sehemu kubwa inatolewa.

Wachumi Acemoglu, Manera na Restrepo walipiga hesabu hizi mwaka 2020. Kwa Marekani, kazi ya mtu inabeba kodi halisi kati ya asilimia 25.5 na 33.5. Mitambo na programu, baada ya sheria ya 2017, takriban asilimia 5. Someni tena hizo namba taratibu.

Maana yake ni kwamba mashine haihitaji kumshinda mtu kazi. Inaweza kuwa mbovu kidogo kuliko yeye na bado ikampora nafasi, kwa sababu kodi inaijazia pengo. Ndiyo maana ukipiga simu kwa huduma kwa wateja unaambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili, samahani sijakuelewa, rudia, halafu inakata. Hakuna anayehudumiwa vizuri pale, hakuna kilichoongezeka, kilichofanyika ni kwamba binadamu aliyekuwa anapokea simu ameondolewa kwenye orodha ya mishahara. Au ile mashine ya kujilipia dukani inayokufanya wewe mteja uwe karani bila malipo, na ikigoma kusoma bidhaa unasimama unasubiri mfanyakazi mmoja aliyebaki anayehudumia mashine nane. Haya ndiyo maendeleo tunayoyapa punguzo la kodi?

Na mtu asiniite adui wa mashine. Opportunity, roboti ya NASA yenye magurudumu, ilipelekwa Mars ifanye kazi siku 90. Ilitua Januari 2004 ikaendelea hadi Juni 2018. Nafasi moja ya mwanaanga kwenye Soyuz, chombo cha Urusi, ile ya mwisho NASA kununua mwaka 2020, iligharimu takriban dola milioni 90 kwa miezi michache, kilomita 400 tu kutoka hapa chini. Kule Mars roboti haikumnyang'anya mtu kazi; ilifanya ambayo mtu hawezi kuifanya leo kwa bei yoyote. Nipeni roboti kama hizo mia. Ninachokataa ni roboti inayoingia kazini kwa sababu ya kifungu cha kodi.

Bill Gates alisema mwaka 2017 kwamba roboti ikichukua kazi ya mtu ilipe kodi kama mtu. Mwezi huo huo Bunge la Ulaya likalikataa wazo la namna hiyo. Binafsi kodi yenye jina la roboti siipendi, maana wanasheria watashinda mahakamani wakibishana kama programu ya kuandaa ankara ni roboti au si roboti. Korea Kusini ilikuwa na akili zaidi: mwaka huo huo wa 2017 iliamua kupunguza nafuu ya kodi waliyokuwa wanapewa wanaonunua mitambo ya kujiendesha, basi. Huhitaji kuitafutia roboti namba ya mlipakodi, acha tu kuilipia nauli.

Na juu ya yote, mwenye hizo mashine naye analipa kiasi gani? ProPublica, waandishi wa habari za uchunguzi wa Marekani, walichapisha mwaka 2021 kwamba Bezos hakulipa kodi ya mapato ya serikali kuu kwa 2007 na 2011, na Musk kwa 2018. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hisa zikipanda bila kuuzwa si mapato, na ukikopa kwa dhamana ya hisa hizo mkopo nao si mapato. Jaribu wewe kumwambia mhasibu wako kwamba mshahara wa mwezi huu ni ongezeko ambalo bado hujaliuza.

Ninachotaka hakihitaji chama wala itikadi. Kodi ya mashine na kodi ya kazi zisogeleane, hata kama ni kwa kuishusha ya kazi. Anayerusha roketi alipie anga anayoifunga. Na serikali ikimkwamua mtu kwa bilioni 1.6 akiwa hoi, ichukue na hisa, kama ambavyo mwekezaji yeyote angedai.

Mnaopinga, msiniletee "soko litaamua". Michango ya uzeeni inatoka kwenye mishahara. Mishahara ikihamia kwenye mitambo, nani atalipa? Mtajeni.