Nitoke kesi za uhamiaji serikalini niende kutetea washtakiwa wa ufisadi, yafaa?

binti_kizingo
Habarini jamani. Mimi ni wakili wa serikali hapa Mombasa, kesi zangu karibu zote ni za uhamiaji, wageni wasio na vibali, paspoti feki, waajiri wanaoficha watu, ile sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011. Sasa kuna ofisi ya mawakili mjini yanitaka, wao hutetea watu wa kesi za pesa, maafisa wa kaunti, maajenti wa klaringi, watu wa benki. Mume wangu yuwasema niangalie pensheni kwanza. Mimi swali langu ni, huu ujuzi utanifaa huko ama naanza upya kama mwanagenzi?

wakili_mkongwe
Dadangu huanzi upya, faili ya upande wa mashtaka waijua inavyozaliwa na wapi huwa imeshonwa vibaya, hilo wengi wetu hatuna. Lakini jitayarishe. Kesi ya uhamiaji paspoti ni hii, mtu ni huyu, mara nyingi akubali kosa siku hiyo hiyo mambo yaishe. Huku ni maboksi ya makaratasi, taarifa za benki, minitsi za kamati ya tenda, jumbe za simu, na kila chapisho la kompyuta lataka cheti chake cha kifungu cha 106B cha sheria ya ushahidi, ukilala hapo umepoteza pointi bure. Adhabu nayo si mchezo, sheria ya ufisadi ya 2003 yafika miaka 10, na juu yake faini ya mara mbili ya faida aliyopata au hasara aliyosababisha. Halafu kazi yenyewe huanza kabla ya korti: EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, hupeleleza, DPP, mkurugenzi wa mashtaka, ndiye hukata shauri la kushtaki, kwa hivyo mteja akikupigia siku alipoitwa kuandikisha taarifa umebahatika, wengi hupiga wakiwa tayari seli.

pwani_damu
kwa hivyo kodi yetu imekulipa ushike wakora sasa waenda kuwatoa 😂 sawa tu

wakili_mkongwe
@pwani_damu siku ukishikwa wewe utakijua kwa moyo kifungu cha 50 cha katiba, kile cha haki ya kusikilizwa kwa haki.

mama_hesabu
Mimi si wakili, nafanya uhasibu kwa ofisi kama hiyo, wacha niseme la pesa maana hao wengine hawatakwambia. Mtumishi wa serikali akishashtakiwa kwa ufisadi husimamishwa kwa nusu mshahara, na mara nyengine akaunti zishafungwa, High Court yaweza kuzuia mali miezi 6 na wakaongeza. Mtu ana nyumba Nyali na hana nauli ya matatu. Chukua deposit mapema, makubaliano yaandikwe, na uwe waangalia pesa zatoka wapi, tangu FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa pesa, ituweke Februari 2024 kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazochunguzwa zaidi, benki zauliza maswali mpaka wachoka.

mswahili_ughaibuni
Huku Marekani wakili wa serikali akitoka, jambo mahususi alilolishughulikia mwenyewe haruhusiwi maisha yote kumsimamia mtu mwengine mbele ya serikali kwa jambo lilo hilo, na yale yaliyokuwa chini ya usimamizi wake mwaka wa mwisho ni miaka 2. Nyinyi huko mwaangalia nini?

wakili_mkongwe
Sisi tuna sheria ya mgongano wa maslahi ya 2025, aisome yote kabla hajaandika barua ya kuacha kazi, na orodha ya mafaili aliyogusa aiweke kichwani, nakala asitoke nayo hata karatasi moja.

binti_kizingo
Shukran sana wote. Na je aje mtu niliyemshtaki zamani kwa kibali cha kazi, sasa ana kesi ya kodi, nimchukue?

wakili_mkongwe
Kesi ni nyengine ndio, lakini kama kwenye ile faili ulisoma siri za biashara yake ama mambo ya upelelezi ambayo hayakufika kortini, mpe wakili mwengine, na hata la kunong'ona usimwambie huyo wakili.